Gari lilipoharibika njia ya Konde

Mwanza mpaka Dar sitaieleza, wanaoijua wanaijua. Nilikuwa naenda Pemba kwenye harusi ya rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu, yeye anafundisha jiografia kule kaskazini ya kisiwa, mi nafundisha baiolojia huku kwetu. Boti ya kutoka Unguja mpaka Mkoani nauli imepanda, kiti ni kilekile kilichochanika sponji, na ule mkondo wa Pemba ukianza kuchezea boti mfuko wa kutapikia unaletwa ukiwa umeshachelewa. Mkoani bandarini teksi wakanitajia 90,000 mpaka mji wa Chake Chake. Nikapanda daladala.

Gesti ya Chake nayo 45,000, feni haizunguki, neti ina matundu mawili naweza kupitisha ngumi, na nje ya dirisha kuna karo limefunikwa nusu. Mbu wa karo ndo hao hao wanaobeba minyoo ya matende na mabusha, kwa hiyo nililala nimevaa soksi. Na kwa kuwa usingizi haukuja nikawa nawaza kitu ninachowafundisha fomu foo kila mwaka, kwamba ule mnyoo wa matende mwenyewe ana mpangaji ndani yake, bakteria anaitwa wolbakia, na mnyoo hawezi kuzaa bila yeye. Ukimpa mgonjwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa wiki kadhaa bakteria anakufa, na mnyoo jike anakuwa tasa. Yani dawa inampiga mdogo ili mkubwa aanguke. Zanzibar walianza kugawa dawa za matende kisiwa kizima mwaka 2001, na kabla ya hapo kule Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 80, walimwaga vipunje vya povu la plastiki kwenye mashimo ya vyoo vikaelea juu ya maji, mbu wakakosa pa kutagia. Kitu rahisi kabisa. Nilikuwa nakifikiria huku napiga mbu kwenye neti ya 45,000.

Kesho yake ndo safari yenyewe ninayotaka kuieleza.

Daladala ya Chake kwenda Konde, tumejazana, mapaja ya watu wanne kwenye siti ya watatu, juu magunia. Tumeshapita njia ya Wete, tunashuka bonde, kitu kikapasuka chini ya gari, moshi, gari likasimama. Dereva akashuka akaangalia akasema giaboksi. Tukamwambia turudishie nauli tutafute gari nyingine, akasema nauli ishaingia kwenye mafuta, na konda akageuza uso. Mama mmoja akamwambia, "Baba, mie n'na mgonjwa nampelekea dawa, nipe hata nusu." Hakupewa. Mpaka leo inaniudhi, sio kwa ajili ya pesa yangu, kwa ajili ya yule mama.

Saa sita kamili, jua limesimama utosini. Pale bondeni kuna mpunga na kijito kinapita chini ya kalvati, maji meupe kabisa, yanaonekana mazuri kuliko ya bombani kwetu. Vijana wawili wakavua viatu wakaanza kushuka wanawe uso na miguu. Hapo ndo nikasikia sauti.

"Yakhe, tokeni! Tokeni humo majini!"

Alikuwa kijana amesimama kwenye kijito chenyewe, juu kidogo, buti za mpira mpaka magotini, glavu ndefu, mkononi upawa wa wavu wenye mpini mrefu, begani mfuko wenye vikopo. Mmoja akamjibu mbona wewe umo. Akasema, "Mie nimevaa. Na saa hizi ndo saa yao."

Mi nikajua anazungumzia nini, maana kichocho nakifundisha, ule ugonjwa wa minyoo inayotoka kwa konokono wa majini na kuingia kwenye ngozi. Lakini kujua kwa kitabu na kumuona mtu anaokota konokono mmoja mmoja kwenye jani la yungiyungi, anamgeuza, anaangalia mzunguko wa gamba, anatia kikoponi na kuandika namba, ni vitu viwili tofauti. Nikamsalimia, nikamwambia mi mwalimu wa baiolojia natoka Mwanza. Uso ukafunguka. "Mwanza? Nyie si ndo wenye kile cha tumbo?" Ndio sisi. Ziwa Viktoria lina kichocho cha tumbo, konokono wake ni bapa amejikunja kama sarafu, Pemba na Unguja wana kichocho cha mkojo na konokono wake ni Bulinus, mdogo, gamba linazungukia kushoto.

Gari nyingine haikuwa inakuja. Akaniambia mwalimu, twende ukatizame, si mbali. Tukatembea kwenye tuta la mpunga, mi begi la harusi kichwani, mpaka kwenye chumba kimoja pembeni ya nyumba ya ami yake ambako wanahifadhi vifaa. Meza, vikombe vidogo vya kioo, hadubini moja ya zamani yenye kioo cha kuelekezea mwanga. Bi mkubwa wa nyumba akaleta maji ya dafu bila kuulizwa, akaniambia, "Karibu mwanangu, hapa kwenu."

Konokono wa jana yake walikuwa wameshawekwa kila mmoja kwenye kikombe chake na kuwekwa juani tangu asubuhi. Akanyanyua kimoja, akakishika mbele ya dirisha. Mwanzo sikuona kitu. Halafu nikaona maji yanatembea. Vitone vyeupe, vidogo sana, vinapanda na kushuka vyenyewe. Akavuta tone moja kwa dropa akaliweka kwenye slaidi.

Jamani. Nimefundisha serkaria, lava wa kichocho anayetoka kwenye konokono, miaka kwa mchoro wa ubaoni, kichwa na mkia wenye panda. Sikuwahi kumuona hai. Anajipinda, anajirusha, mkia unatangulia, anapumzika, anazama kidogo, anaanza tena. Hana cha kula. Amepewa akiba ya nguvu ya siku moja au mbili basi, na ndani ya muda huo lazima akutane na ngozi ya mtu. Akiipata anapenya ndani ya dakika chache, mkia anauacha nje. Na wanatoka kwenye konokono kwa wingi mchana jua likiwa kali, ambao ndo muda watoto wanatoka shule na akina mama wanafua. Kijana akaniambia hicho ndo alichokuwa anawapigia kelele wale vijana wa kwenye gari, wala sio kwamba maji machafu. "Machafu wanayaogopa wenyewe. Haya mazuri ndo hawayaogopi."

Nikamuuliza konokono mwenyewe anafaidika nini. Akacheka, "Hafaidiki, keshakwisha huyo." Na ni kweli, akishaingiliwa na lava wa kwanza, yule anayetoka kwenye yai la mkojoni, sehemu zake za uzazi zinaharibiwa na hatagi tena au anataga kidogo sana, chakula anachokula kinageuzwa serkaria. Lava mmoja tu aliyeingia anaweza kutoa maelfu, na wote wa jinsia moja. Halafu wakifika kwa mtu ndo dume na jike wanatafutana, dume ana mfereji kwenye mwili wake, jike anaingia humo na kukaa, na jike asiyepata dume hakomai. Wanakaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu, miaka mitatu, mitano, wengine zaidi sana, jike anataga kila siku mayai yenye mwiba kwenye ncha. Mayai yanayotoka kwenye mkojo ndo yanaendeleza ukoo. Yanayonasa nyamani ndo yanayomuumiza mtu, mkojo wa damu, kwa wanawake majeraha ya uzazi ambayo wengi wanatibiwa kimakosa kama magonjwa ya zinaa, na baada ya miaka mingi hata saratani ya kibofu.

Lakini kilichonishika sio hicho. Kijana alichukua konokono mwingine, akamgusa na brashi ukingoni mwa gamba, akaniambia tizama hapa. Kikaonekana kiminyoo kama uzi, kinaonekana mpaka ndani, hakifiki hata nusu sentimita, kimejishikiza kwenye nyama ya konokono na kichwa kimetokeza nje kinatafuta. Ketogasta. Nilikuwa nimesoma jina lake mahali, sikudhani nitamuona. Huyu anakaa juu ya konokono bila kumla, anakula vinavyopita, mwani, rotifa (vidudu vidogo vya majini), na serkaria. Chini ya hadubini utumbo wake unaonekana wazi na ndani yake mlikuwa na serkaria wawili, mkia mmoja bado unacheza. Na anawala pia wale lava wa kwanza wanapokuja kuingia. Yani kwenye gamba moja la ukubwa wa kucha kuna adui yetu anatoka na kuna mlinzi anamkamata mlangoni, na juu ya gamba kwa nje kulikuwa na vile viumbe vyenye shina na kengele, votisela, vimejipandikiza vinachuja bakteria, havimdhuru konokono wala havimsaidii, vinapanda lifti tu. Kwenye tone la maji ya kikombe kilekile akapita paramesiamu wa kijani, kiumbe wa seli moja. Ukijani sio wake, ni klorela, mwani wa seli moja unaoishi ndani ya mwili wake, unampa sukari na oksijeni, yeye anaupa hifadhi na kuupeleka kwenye mwanga. Nilikaa kwenye ile hadubini mpaka shingo ikakakamaa. Kutegemeana, kupandiana, kunyonyana, mambo ninayowapa watoto kwenye jedwali la safu tatu wakariri, yote yalikuwa kwenye kikombe kimoja, na safu hazikuwepo.

Nikamuuliza basi si mngefuga hao ketogasta mkawamwaga mabondeni. Akasema wanapunguza, hawamalizi, konokono akitoa serkaria wengi mlinzi anashiba. Hata dawa ya kuua konokono, niklosamidi, wanaipuliza kwa tahadhari maana inaua samaki na vyura, na konokono waliojizika kwenye tope wanarudi mvua zikirudi. Na sio kila Bulinus anabeba. Kuna aina mbili zinafanana sana, Bulinus globosus ndo anapitisha kichocho cha watu hapa visiwani, yule nasutus hapana, na kwa macho huwezi kuwatenganisha vizuri mpaka kipimo cha DNA. Juu ya hayo watafiti wamekuta Pemba kichocho cha ng'ombe kwenye konokono huyohuyo globosus, na serkaria wake huwezi kumtofautisha kwa hadubini. Kwa hiyo konokono anayetoa serkaria sio lazima awe na kichocho cha watu. Kila kikombe kinaandikwa, kinapelekwa maabara, hapo hakuna anayehukumu kwa kuangalia.

Zanzibar wamekazana na hili jambo. Kuanzia 2012 mpaka 2017 watu waligawiwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, mara mbili kwa mwaka, na kwenye shehia 90 (ndo vijiji na mitaa yao), 45 Unguja na 45 Pemba, wakalinganisha njia, pengine dawa peke yake, pengine dawa na kupuliza konokono, pengine dawa na elimu, vyoo vya kukojolea, sehemu za kufulia. Kichocho kilishuka sana, kikabaki mahali mahali. Na maabara ya Wawi pale Chake, iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu Mtaliano wa vimelea, ipo tangu 2000. Kijana akasema kazi ngumu ndo hii ya mwisho. Prazikwanteli inaua minyoo mikubwa, midogo inaiacha, na haikukingi ukiingia majini tena. Mtoto mmoja aliyekosa dawa akahamia kwa bibi yake shehia nyingine, akikojoa mtoni mara chache, bonde zima limeanza upya.

Gari lilipatikana jioni kabisa, la kuku, 5,000 kwa kilomita ambazo nilikuwa nimeshazilipia. Harusi ilikuwa nzuri, biriani ilitosha, bwana harusi alipendeza. Wakatupeleka kisiwa kidogo cha Misali wageni wa bara, boti ya kukodi bei sitaki hata kuitaja na jaketi la kuogelea bovu, lakini kule chini ya maji matumbawe yapo vilevile kwenye hadithi hii, mnyama na mwani wake ndani ya nyama, mwani unampa sehemu kubwa sana ya chakula, na bahari ikizidi joto mwani unatoka, tumbawe linabaki jeupe na njaa. Mwaka 1998 yalikufa mengi ukanda huu wote.

Safari ya kurudi nilikuwa nawaza nyumbani tu. Sisi ziwa letu ni kubwa, huwezi kulipuliza, huwezi kuhesabu konokono wote, na nadhani ukubwa huo umetufanya tukate tamaa mapema. Mtoto wa Kayenze akivimba tumbo tunasema ndo ziwa hilo. Wakati huyu mnyoo ana udhaifu mmoja mkubwa ambao hata wanafunzi wangu wanaofaulu hawauelewi: haongezeki idadi ndani ya mtu. Mayai lazima yatoke nje. Kila mnyoo ulionao uliingia kama serkaria mmoja, kwenye maji fulani, saa fulani. Kwa hiyo kila safari ya majini unayompunguzia mtoto ni minyoo ambayo hatakuwa nayo, hata kama ziwa hujalimaliza. Na mtoto haingii ziwa zima, anaingia pale pale kila siku, mwaloni, penye jiwe la kufulia, penye magugu.

Kijana wa Pemba anayajua mabonde yake kwa majina, lipi lina konokono masika, lipi linakauka, nyumba ipi inafua wapi. Mimi shule yangu iko hatua chache kutoka ziwani na sina karatasi hata moja inayoonyesha watoto wanaingilia wapi. Nimeongea na afisa afya wa kata, amekubali. Wanafunzi watachora ramani wakiwa nchi kavu, kuokota konokono ni mimi na yeye. Hadubini ya shule ipo, imefungiwa stoo na ufunguo uko kwa mkuu. Buti za mpira nimeulizia sokoni Makoroboi, jozi 25,000, na hawapunguzi.