Nilivyowapimisha vijana 22 wa Kadutu kabla ya msimu

Kila kijana wa timu yetu ya mpira ya Kadutu, hapa Bukavu, alihitaji sertifika ya daktari kwamba ni mzima. Niliambiwa nitafute daktari wa kugonga muhuri, basi. Nikampata: karatasi 22 kwa nusu saa, hakuna kijana aliyevua shati. Kama dola tano kila mmoja, tukashuka na sertifika nzuri zisizosema kitu.

Mwaka uliofuata nilianza wiki sita kabla ya mechi ya kwanza, ili mwenye tatizo atibiwe kwanza. Kazi kubwa ni maswali, mashine baadaye. Umewahi kuzimia ukikimbia? Kifua kinabana ukipanda mlima? Nani katika ukoo alikufa ghafla kabla ya miaka 50, hata yule mliyesema amerogwa?

Kosa langu, niliwauliza vijana wenyewe uwanjani. Wote 22: hapana, hapana, hapana. Nani atakiri kuzimia naye anataka namba tisa? Nikapeleka fomu ileile kwa mama zao Jumapili baada ya misa, bila kutaja kikosi. Majibu yakageuka! Mmoja alishaanguka katikati ya mbio. Nyumbani walisema ni njaa. Anayezimia mbio zikiendelea, usikubali njaa: apumzike mpaka afanyiwe elektro (kipimo cha umeme wa moyo) na ekografi ya moyo (picha ya moyo kwa mashine). Marc-Vivien Foé, mchezaji wa Kameruni, alianguka na kufa uwanjani Lyon mwaka 2003, miaka 28, misuli ya moyo wake imenenepa.

Kwenye tansio, yaani shinikizo la damu, tulitishika bure. Mkanda mdogo wa kipimo kwenye mkono mnene huongeza namba, na vijana walikuwa wamefika wakikimbia. Mkanda mpana, kukaa kimya dakika tano, namba zikashuka.

Moyo usikilizwe kijana amelala, kisha amesimama. Mvumo, yaani sauti ya ziada kati ya mapigo, unaozidi akisimama ufuatiliwe. Ulizia pia koo lililouma utotoni kisha viungo vikavimba, maana huko ndiko valvu (milango) za moyo huharibikia. Bandama iliyovimba kwa malaria, hakuna mechi: goti moja la mpinzani tumboni linaweza kuipasua. Mwenye AS, yaani aliyerithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu, acheze, ila asinyimwe maji wala kulazimishwa kupanda milima yetu mfululizo. Kifundo kilichowahi kuteguka, mwambie aruke kwa mguu huo mara kumi. Akiyumba, bado hajapona, hata akiapa.

Ekografi ndiyo iliyotula pesa, wazazi wakachanga. Yule wa njaa bado anasubiri zamu yake. Kwa sasa anakaa kwenye benchi na daftari, anaandika magoli ya wenzake na kuninunia.