Lee-Enfield ya 1943: kasiba imesafishika, polishi niliiweka mwisho

Januari. Minnesota imeganda na uwanja wa shabaha uko chini ya theluji, kwa hiyo jioni zangu nimezitoa kwa kasiba, yaani mtutu wa bunduki. Bunduki ni Lee-Enfield No. 4 Mk I*, ya kiwanda cha Long Branch karibu na Toronto, imegongwa mwaka 1943. Niliitafuta kwa muda mrefu. Babu yangu alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, akapelekwa Burma, na hata uzeeni akikuta jembe lina kutu aliuliza nani kaliacha bila mafuta.

Mwezi wa kumi ilinisikitisha. Risasi kumi kwa yadi 100 zilitawanyika karibu inchi sita. Nilipochungulia kwa tochi, ndani kulikuwa kweusi kama chungu cha kuni, na karibu na mdomo kulikuwa na utando wa shaba.

Ushauri niliopewa na wengi ni mmoja: paka polishi ya kung'arishia shaba kwenye kitambaa, sugua mpaka ing'ae. Sikutaka kuanzia hapo. Polishi ya namna hiyo ni msasa uliosagwa ukawa uji. Hula masizi, hula shaba, na vikiisha hula chuma chenyewe. Kasiba hii ina mifereji miwili tu badala ya mitano ya kawaida, maana wakati wa vita walipunguza ili kazi iende haraka. Mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi. Kingo zake zikilainika hakuna fundi wa kuzirudisha.

Jioni ya kwanza nilihakikisha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, nikaangalia tena kwa kidole, nikatoa boliti, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma. Kwenye Mk I* unaivuta nyuma mpaka kichwa chake kifike kwenye pengo la reli, unakiinua, inatoka yote. Raha yake ni kwamba ufito wa kusafishia unaingia kwa nyuma na mdomo wa kasiba haukwanguliwi. Pale mdomoni ndipo risasi inapoagana na chuma. Pakilika upande mmoja, gesi hutangulia kutokea upande huo na risasi huyumba. Bunduki nyingi za kijeshi zimelika hapo kwa kamba ya kusafishia iliyovutwa kwa kulazwa pembeni miaka nenda rudi.

Kisha maji yaliyochemka, kwa faneli, kutoka nyuma. Babu alisimulia hilo na halikuwa hekaya. Fataki za zamani, zile za kuwashia baruti ndani ya risasi, zilikuwa na klorati, na ikiungua huacha chumvi inayovuta unyevu. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji huyeyusha. Chuma kilipata moto, kikakauka chenyewe, nikapitisha mafuta.

Jioni tatu zilizofuata zilikuwa za dawa ya amonia, mlango wa gereji wazi, glavu mkononi. Amonia ikikuta shaba, kitambaa hutoka na rangi ya samawati. Changu kilitoka samawati, kikatoka samawati tena, na cha ishirini bado kilikuwa hivyo. Nilikuwa karibu kuchukua polishi kwa hasira. Ndipo nilipokitazama kitambaa vizuri: rangi ilikuwa upande wa ndani, ule unaokumbatia ncha ya ufito, na upande uliogusa kasiba ulikuwa mweupe. Ncha yangu ni ya shaba! Dawa ilikuwa inaila ncha. Nikafunga ya plastiki, na baada ya vitambaa vinne rangi ikaisha.

Februari niliingiza kamera ndogo ya kuchungulia. Shaba ilikuwa imekwisha, lakini mbele ya chemba palibaki gamba la kaboni, gumu kama ukoko wa sufuria, na hakuna dawa iliyoligusa. Hapo ndipo polishi ilipopata kazi yake halali. Nilitumia uji laini wa kusafishia kasiba, kiasi cha punje ya mahindi, kwenye kitambaa kilicholowa mafuta, nikasugua inchi nne hizo tu, nenda rudi mara ishirini, halafu nikaufuta wote. Kamera. Mara ishirini nyingine. Kamera. Raundi ya tatu mkono ulisikia tofauti: ufito uliokuwa unakwaruza sasa ulisukumika mwororo. Nikaacha hapo hapo.

Weusi wa kitambaa haukuwa kipimo. Ukitumia polishi, kitambaa hutoka cheusi hata kasiba ikiwa safi, kwa sababu weusi wenyewe ni chuma kilichosagwa. Anayesubiri kitambaa cheupe atasugua mpaka amalize bunduki.

Vishimo vya kutu robo tatu ya njia kuelekea mdomoni nimeviacha. Kuvifuta kungetaka niteremshe chuma chote kilichovizunguka mpaka usawa wake.

Aprili, theluji imeondoka. Kabla ya kufyatua nilipitisha vitambaa vikavu kutoa mafuta yote. Risasi tano za kwanza nilizipiga bila kuzipima, kisha kumi, yadi 100, nikiegemea mfuko wa mchanga: inchi tatu na robo. Jioni vitambaa viwili vya dawa, kimoja cha mafuta, na samawati ilikuwa hafifu mno. Uji umerudi kabatini. Sasa nashughulikia mbao ya mbele, inagusa kasiba upande wa kushoto.