Neno "risasi" lilinifungia milango

Siku ya kwanza ya kujitolea kwangu nilipiga hodi, nikajitambulisha, nikasema nimekuja kuzungumza juu ya risasi na watoto. Mama aliyenifungulia alimvuta mwanawe nyuma yake akaniambia, "Humu hamna bunduki." Nyumba ya tatu nako ikawa vivyo hivyo. Kwa Kiswahili, madini yale ya sumu niliyokuja kuyazungumzia (Kiingereza "lead") na kile kitokacho kwenye mtutu vina jina moja. Kwenye mafunzo nilikuwa nimelitamka neno hilo mara nyingi mno hata sikulisikia tena kama jirani anavyolisikia.

Kesho yake nikaanzia mahali pengine. "Mama, ile rangi inayobanduka dirishani, mtoto huichezea?" Swali hilo lilimfanya mtu ageuke alitazame dirisha lake, nami nikapata nafasi ya kueleza. Rangi nyingi za zamani, na baadhi ya zinazouzwa hadi leo, zina madini ya risasi. Dirisha likifunguliwa na kufungwa mbao husuguana, vumbi hudondoka sakafuni, mtoto anatambaa kisha anatia vidole mdomoni. Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaiweka mifupani. Na kwa kiasi kilekile kilichomezwa, mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima.

Swali lililonitoa jasho ni hili: "Mbona wangu anakula, anacheza, haumwi?" Nikawa nawasimulia habari ya daktari Herbert Needleman wa Marekani. Mwaka 1979 alichapisha utafiti wake juu ya meno ya utotoni yaliyong'oka. Watoto ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili, na walimu waliwaona wazito wa kutulia darasani, ilhali hawakuwa wameonekana wagonjwa. Kila mzazi amewahi kushika jino la mwanawe kiganjani. Habari hiyo iliwaingia kuliko karatasi zote nilizogawa.

Nilikosea pia. Mama mmoja nilimwambia anafagia vibaya, kwamba ufagio mkavu unatimua vumbi la sumu. Ni kweli, lakini nilisema mbele ya mama mkwe wake. Niliporudi hakufungua. Safari iliyofuata nilikwenda na ndoo na matambara, nikaomba radhi, tukafuta vizingiti vya madirisha pamoja kwa maji na sabuni. Tangu hapo sikumwelekeza mtu kazi ambayo sikuwa tayari kuinamia naye.

Nyumba ninayoikumbuka zaidi ni ya mtoto aliyepimwa akakutwa na mikrogramu 11 za risasi kwa desilita ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama, na kuanzia 5 chanzo kitafutwe na kuondolewa. Mara mbili nilikagua kuta na madirisha, nisione kitu. Mara ya tatu ndipo nikauliza baba anafanya kazi gani. Anavunja betri za magari, ambazo ndani yake mna risasi. Akirudi jioni mtoto humrukia, naye humbeba akiwa na nguo zilezile za kazini.

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ni mimi ninayemletea?" Nikamjibu kwamba ni vumbi, na kwamba vumbi linaweza kuachwa kazini. Akaanza kuoga na kubadili nguo kabla ya kuondoka huko, viatu vikabaki nje, nguo za kazi zikafuliwa peke yake. Baada ya miezi mitatu kipimo kilisoma 7. Bado si kidogo, maana iliyokwisha kuingia mifupani hukaa miaka mingi ikirudi damuni polepole, kwa hiyo ataendelea kupimwa.

Siku ya majibu baba huyo aliniomba niende kazini kwake nikaongee na wenzake. Nilikwenda Jumamosi. Betri sikuzitaja kwanza. Nilimuuliza kila mmoja ana watoto wa umri gani.