Sahihi yangu wanaitaka kila siku

Juzi nimerudi kazini saa mbili kasoro asubuhi, mgongo unauma kwa kugeuza wazee vitandani usiku kucha kwenye kazi yangu ya kuwatunza, nakuta kikaratasi cha njano kwenye faili la mwanangu. Mwalimu wake wa darasa la tatu kaandika: siku nne zimepita bila sahihi ya mzazi. Mtoto kasoma. Aliyekosa ni mimi.

Niliudhika, sifichi. Hapa Columbus, Ohio, shuleni kwao mtoto anatakiwa asome dakika 20 kila siku nyumbani, mzazi amsikilize, kisha atie sahihi kwenye fomu. Bado karatasi ya hesabu. Enzi zetu kule Tanzania mzazi alitoa mchango wa uji na wa mlinzi, akanunua rimu ya karatasi, basi. Visoda vya kuhesabia tuliokota wenyewe. Yaliyobaki ni ya mwalimu na fimbo yake. Mama yangu hakuwahi kufungua daftari langu, na la saba nilifaulu. Nikasema moyoni, huyu analipwa mshahara, mbona kazi yake anakuja kuimalizia kwangu niliyekesha?

Na hesabu zenyewe! 403 toa 178. Nikapanga juu na chini, nikakopa, nikapata 225. Mtoto akafuta. "Mama, siyo hivyo." Akachora mstari, akaanzia 178, akaruka 2 kufika 180, akaruka 20 kufika 200, akaruka 203 kufika 403, akajumlisha alivyoruka. 225. Nimeutazama ule mstari muda mrefu. Mimi miaka yote nilikopa kwa sababu niliambiwa kopa. Yeye ana miaka minane na anaweza kunieleza kila hatua.

Mchana nikapiga simu shuleni nimejiandaa kwa ugomvi. Wakaniuliza naongea lugha gani. Kiswahili. Hazikupita dakika mbili, mkalimani yuko kwenye simu, kwa lafudhi ni Mkongo, bure kabisa. Jamani, hiyo si hisani. Shule za umma zinabanwa na sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, mzazi asiyekimudu Kiingereza aelezwe kwa lugha anayoielewa. Wengi wetu tunaona aibu kuomba, tunasaini tusichokisoma.

Mwalimu hakunifokea. Aliniuliza naingia kazini saa ngapi. Nikamjibu saa moja jioni, na mtoto anabaki na shangazi yake mpaka alale. Akasema basi asome asubuhi kabla ya basi la shule, hakuna tatizo. Na kazi zote zisizidi nusu saa: wanafuata kipimo cha dakika 10 kwa kila darasa, la kwanza 10, la tatu 30, ambacho chama cha walimu NEA na kile cha wazazi, PTA, wanakiunga mkono. Muda ukiisha nifunge daftari hata kama hajamaliza. Nikawakumbuka watoto wa dada yangu Dar, wanatoka tuisheni giza limeingia, na kurasa za hesabu bado zinawasubiri.

Kisha akaniuliza kama tuna vitabu vya Kiswahili. "Kiswahili nacho ni kusoma. Akusomee, utie sahihi." Nilinyamaza mpaka mkalimani akauliza kama bado nipo. Miaka mitatu nimekuwa nikimkataza mtoto kuongea Kiswahili mbele ya walimu wake, nikidhani namsaidia.

Wewe unayejiandaa kuja na watoto, kwenye begi punguza dagaa, weka vitabu vya hadithi. Na kabla hujakubali kazi ya usiku kwa ajili ya ile nyongeza ya dola mbili kwa saa, ujue kwanza nani atakaa na mtoto wako jioni.

Leo asubuhi tumekaa mezani, mimi bado na viatu vya kazini. Tuna kitabu kimoja tu cha Kiswahili, jalada limeshang'oka. Alikwama kwenye "ng'ombe", akarudia mara tatu mpaka ikamkaa mdomoni, akacheka. Taa za basi zilipoonekana dirishani nikatia sahihi, na pembeni nikaandika: Kiswahili, dakika 20.