Swali la Baba Mkubwa

Leo ni siku ya 9 tangu nipande meli kwa zamu hii, na sijaacha kulirudia jibu nililompa Baba Mkubwa pale barazani Mikindani. Wiki yenyewe imekuwa na mambo mazito, kwani mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja na Mwanahawa amejifungua salama mtoto wa kiume, lakini kila ninapoketi mbele ya skrini ya roboti ya chini ya maji, linalonijia ni jibu lile.

Nilikuwa nikimweleza, kwa fahari ambayo sasa inanitia haya, jinsi Coral Sul ilivyotiwa nanga: kiwanda cha gesi kinachoelea, chenye urefu wa mita 432, kilichokokotwa kutoka Korea Kusini hadi bahari ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kikawasili mwanzoni mwa 2022 na kufungwa kwa amari 20, yaani kamba za nanga, kwenye kina cha karibu mita 2,000. Nilimwambia kuwa amari hizo kwa pamoja zina uzito wa tani 9,000, na kwamba zote hukutana kwenye mhimili wa duara ulio upande wa omo, ili kiwanda kizima kiweze kuzunguka na kuukabili upepo na mawimbi bila kuzisokota.

“Kumbe hugeukia upepo kama mashua yangu,” akasema, na uso wake ukachangamka. Kisha akauliza, “Na amari zake huliwa wapi?”

Nilicheka. “Baba Mkubwa, zile si kamba za mashua.”

Hakukasirika. Alivitazama viganja vyake, akasema, “Yangu huliwa mahali pawili: omoni inaposuguana na mbao, na chini inapogusa mwamba.” Halafu akajikusanya kwenda kutawadha, ingawa adhana ya alasiri ilikuwa bado.

Ule muda kati ya kuinuka kwake na adhana ndio unaoninyima usingizi. Mtu aliyenifundisha kufunga fundo kabla sijajua kusoma aliniuliza swali la kazi yangu, nami nikamjibu kama mtu asiyejua analouliza.

Juzi tulishusha roboti kukagua. Tofauti na yeye, anayeivuta amari yake ufukweni na kuipitisha yote viganjani, sisi hatuna namna ya kukipandisha kiwanda kile chelezoni. Kila kitu hukaguliwa kikiwa kazini, gesi ikiendelea kutoka. Ukiangalia tunakokaa muda mrefu zaidi, ni kulekule alikokutaja. Tunakaa juu, karibu na mhimili, ambako pete za mnyororo wa amari hujikunja na kusuguana kila wimbi linapopita, na ambako hatuna budi kuondoa kwanza chaza na majani kwa maji ya kasi ndipo tupime unene wa pete pale zinapokaliana. Tena tunakaa chini kabisa, pale amari inapoifikia sakafu ya bahari, ikinyanyuliwa na kulazwa upya usiku na mchana. Niliyaona maneno yake yote mawili kwenye skrini, nikalazimika kumwomba mwenzangu anipokee usukani kwa dakika chache.

Jana usiku nilimpigia. Nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba huliwa mahali pawili, palepale alipopataja. Alinyamaza hata nikadhani mtandao umekatika.

“Mnapimaje?” akauliza.

Tulizungumza karibu saa nzima. Alitaka kujua kama pete huliwa upande mmoja au pande zote, na kutu ya bahari kuu ina rangi gani, nami nikajibu kila swali hadi mwisho wake. Sikumbuki lini mara ya mwisho nililala vizuri namna ile.

Kabla hatujaagana alinidokeza kwamba mikorosho ya Mama imeanza kutoa maua na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, umeonekana shamba la jirani, ilhali salfa ya kuuzuia bado haijapatikana. Mimi nitashuka Pemba ya Msumbiji baada ya siku 19, na maua hayatanisubiri.