IST yangu inayotetemeka: nilipofikia mpaka saivi

Wale mlokuwa mnauliza ile IST imefikia wapi, haijapona yote ila alhamdulillah mtetemeko mkubwa umeondoka, na ule ulobaki nahisi najua unatoka wapi. Kwa asojua habari yake, ni Toyota IST ya 1500, injini 1NZ-FE, gia otomatiki, nimeinunua mkononi kwa mtu hapa hapa Unguja. Natoka nayo Fuoni kwenda mjini na mara moja moja Makunduchi kwa wazee. Ilikuwa ikisimama inatetemeka, ikikimbia inatetemeka, ukikanyaga breki inatetemeka, na taa ya injini inawaka inapojiskia.

Kila alopanda alikuwa na jibu lake, mmoja ananambia shokapu hizo, mwengine giaboksi inakufa hiyo iuze mapema, ammi yangu yeye ni petroli mbovu tu hataki kusikia jengine. Mie nikasema sinunui spea hata moja mpaka kitu kithibitike. Nikachukua karatasi nikaandika inatetemeka LINI, na hiyo karatasi imenisaidia kuliko fundi yeyote. Gari imesimama kwenye D (gia ya kwenda mbele) mguu uko kwenye breki, inatikisika mpaka dashibodi. Ukitia N (gia huru) inapungua lakini haiishi. Ukifika kilomita 80 hivi usukani unacheza mkononi. Ukishika breki ukiwa kwenye mwendo, pedali inapiga piga mguuni. Sasa hapo yakhe ushaona, haya ni maradhi mbali mbali yamekutana kwenye chombo kimoja, ndo mana mafundi walikuwa wanabishana na kila mmoja ana haki kidogo.

Nikaanza na injini kwa sababu ile taa siku nyengine ilikuwa haiwaki tu, inapepesa. Taa ikipepesa mana yake injini inamisi vibaya, yani kuna silinda haiunguzi petroli sawasawa, petroli isoungua inaingia kwenye ekzosi na inaweza kuua katalaiti (kile kisafisha moshi), hiyo si ya kuahirisha mpaka mwisho wa mwezi. Kile kidude cha bluutuu cha kusomea kodi za hitilafu za injini kilikataa kuongea na gari kabisa, magari mengi ya zamani yalotengenezwa kwa soko la Japani ndivyo yalivyo, kwa hivo nikafanya kwa njia ya mikono. Injini hii ina silinda nne na kila plagi ina koili yake juu, ndo inayoipa umeme wa kutoa cheche. Unawasha, unachomoa ile soketi ndogo ya waya kwenye koili moja, unasikiliza, unairudisha, unakwenda ya pili. Soketi tu jamani, msing'oe koili yenyewe injini inaunguruma, ule moto wake wa umeme si wa mchezo. Ukichomoa na injini ikazidi kuyumba basi silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na hakuna kilobadilika, huyo ndo mvivu wako. Wangu alikuwa namba 3 kuhesabia kutoka upande wa mkanda.

Hapo wengi wanakimbilia dukani kununua koili lakini bado, inaweza ikawa plagi, inaweza ikawa nozeli inayopulizia petroli, inaweza hata kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda) ishashuka. Nikazima, koili ya 3 nikaitia kwenye 2 na ya 2 kwenye 3, plagi sikuzigusa, nikawasha. Misi ikahama na koili, ikaenda 2. Basi, koili.

Ila kilonifurahisha zaidi ni nlichokiona mle shimoni. Shimo la plagi namba 3 lina mafuta ya injini yametuama, yanapenya kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha juu, na ile raba ya koili ishavimba na kulainika. Yani ningeweka koili mpya juu ya mafuta yale baada ya muda ingekufa na hiyo vile vile, na mie ningelaumu duka. Kwa hivo gasketi kwanza, mashimo nikayakausha, plagi zote nne mpya zenye pengo la 1.1 mm (zilokuwemo zilikuwa za aina mbili, sijui nani alokuwa anapika mchanganyiko ule), kisha koili. Koili nimechukua ya mtumba orijino ilotoka kwenye gari ilovunjwa. Mpya za bei chee siziamini, mtasema mnavotaka.

Taa imezimika. Kwenye N sasa imetulia kabisa. Kwenye D bado inatikisika, kidogo tu. Hiyo ikaniambia mauntingi, vile vishikizo vya raba vinavyoshika injini. Nikafungua boneti, handibreki juu, mguu kwenye breki, kijana wa jirani nikamweka ubavuni achungulie (asisimame mbele wala nyuma ya gari, tafadhali), nikawa natia D, R, D. Injini inanyanyuka upande wa kulia kama inataka kutoka. Raba ya mauntingi ya kulia imechanika. Kumbe ndo ule mlio wa kugonga nlokuwa nausikia kwenye matuta ya pale Jozani, yale yalowekwa kwa ajili ya kima punju, na kila mtu akinambia shokapu. Nshabadilisha, mlio haupo.

Usukani kucheza: nilihamisha matairi ya mbele nyuma, na mtetemeko ukahama, ukatoka mkononi ukaja kwenye kiti. Tairi basi. Moja lina nundu ubavu wa ndani, na ile namba ya tarakimu nne ubavuni inasema 1915, yani wiki ya 19 ya mwaka 2015. Kuu kuu hilo, limetupwa. Mengine yamefanyiwa balansi.

Breki sina mengi, disiki za mbele zimeliwa vibaya na zina kutu, chumvi ya bahari hii tunaijua wenyewe. Nimepima unene, zishapita kile kipimo cha chini kilochapwa kwenye disiki yenyewe, kwa hivo kuzichonga hakuna mana, nasubiri mpya pamoja na pedi.

Kilobaki ni hiki: nikikanyaga mafuta kupanda mlima inatikisika, nikiachia inatulia, na buti (mfuko wa raba) la ndani la sivijointi ya kushoto, kile kiungo cha ekseli inayozungusha tairi, limepasuka grisi imeruka mpaka kwenye chesisi. Nashuku hiyo. Ntaifungua siku ile ile ya kutia disiki, gari iko juu ya jeki vile vile, na picha za vyuma ntaziweka hapa.