Birika la mama mhasibu

Juzi jioni binti yangu alikuwa amekalia kiti changu, anachezea Caps Lock: washa, zima, washa, zima. "Baba, mbona hii taa inanikonyeza?" Nikamwambia aache. Sauti ilinitoka kali kuliko kosa lenyewe, mpaka mama yake akanitazama. Sikuwa na la kumweleza. Taa ile ikipepesa namna hiyo, mimi narudi Mtwara, msimu wa korosho wa 2014, kwenye kile chumba cha nyuma ya ghala.

Mle ndimo ilimokaa seva ya Linux, kompyuta kuu ya ofisi, na mimi ndiye fundi wake. Ilianza kufa. Sisemi kuzima, nasema kufa: skrini inajaa maandishi, taa za Caps Lock na Scroll Lock zinapepesa pamoja, na hakuna kitufe kinachosikia. Ukiiwasha upya ukafungua kumbukumbu za mfumo, hukuti kitu, maana kerneli, kiini cha mfumo, ikianguka vile haipati hata nafasi ya kuandika kwenye diski kilichoiua. Nikapiga picha kwa simu. Skrini ile ina mistari 25 tu, na kilichobaki ni mkia: "Kernel panic - not syncing: Fatal exception in interrupt". Mwanzo wa habari, pale penye jina la muuaji, ulishapanda juu ukapotea.

Na watu wanataka kazi. Malori yamepanga foleni mpaka barabarani, stakabadhi hazitoki, meneja anachungulia mlangoni kila baada ya dakika kumi. Nilichoweza kukiona ni kimoja: seva inakufa mama mhasibu akiwa kazini. Siku aliyokwenda msibani Mikindani, ilishinda nzima. Nikainama chini ya meza yake. Birika la umeme, limechomekwa kwenye UPS (betri ya akiba) ileile ya seva.

Ukiwa fundi wa miaka 26, kuna raha yake kupata kitu cha kunyooshea kidole mbele ya meneja. Nilieleza habari za wati na mzigo, nikawaonyesha na soketi. Ijumaa mchana birika likaamriwa lirudi nyumbani. Mama hakubisha. Alilifunga kwenye kanga, waya unaning'inia, akaniuliza taratibu tu, "Sasa chai nitakunywa wapi, mwanangu?"

Jumamosi ile picha ikanikosesha raha. Umeme ukiyumba mashine haisemi neno, inazima basi. Hii ilikuwa inasema, tena kwa mpangilio. Na hilo neno la mwisho, interrupt, yaani kukatizwa, lilikuwa linanipeleka kwenye kadi ya mtandao, kwa sababu ndiyo inayoikatiza kerneli shughuli zake kila pakiti, vile vifurushi vya data, zinapoingia. Ipo njia ya kuyatuma maandishi ya kerneli kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, lakini kama anayeua ni mtandao, hapo ni kumpa mwizi barua ya mashtaka aipeleke polisi. Nikaazima kebo ya siriali, nikaunga seva na laptopu yangu, nikaongeza console=ttyS0,115200 kwenye mstari wa kuwashia seva, ili maandishi ya kerneli yapite kwenye kebo hiyo bila kugusa mtandao.

Saa tatu usiku. Mlinzi yuko nje na redio yake. Jirani walikuwa wanachoma korosho, na moshi wa maganda, ule unaowasha macho, unaingia dirishani. Nilikaa kwenye kiti cha mama mhasibu, kina mto wa kitambaa alioushona mwenyewe, nikafanya anachofanya yeye. Nikahifadhi faili: sawa. Nikafungua stakabadhi za msimu uliopita zilizoskaniwa. Ukurasa ukaja nusu, mhuri wa bluu umekatika katikati, ukasimama hapohapo. Nikageuka kwenye laptopu. Kishale kilichokuwa kimetulia peke yake kona ya juu kilikuwa kimeshafukiwa na maandishi. Kule kwenye seva, taa mbili zinapepesa.

Nikapanda juu polepole mpaka mstari wa kwanza. skb_over_panic. len:9010 put:9010. dev:eth0, ndiyo kadi ya mtandao.

Kerneli ilikuwa imetenga nafasi ya pakiti ya kawaida. Kadi ikaleta dubwana, draiva, programu inayoiendesha kadi, haikupima, ikajaribu kulisukumia ndani. Kerneli ilipoona mkia umepita mwisho, ikaona heri ife kuliko kuandika juu ya vitu vya wenzake.

Lakini baiti 9010? Fremu, bahasha inayobeba pakiti kwenye waya, kwa kawaida hubeba mpaka baiti 1,500. Nikachukua karatasi. Toa 14 za kichwa cha Ethernet, zinabaki 8,996. Pakiti ya IP ikikatwa vipande, mzigo wa kila kipande, ukiacha cha mwisho, lazima ugawanyike kwa nane, kwa hiyo aliyeweka kikomo cha 9,000 hupata mzigo wa 8,976, na ukijumlisha 20 za kichwa cha IP, 8,996.

Aliyeweka 9,000 nilikuwa namfahamu. Wiki tatu nyuma nilisoma mahali kwamba pakiti kubwa zinaongeza kasi, nikaweka 9,000 kwenye kisanduku cha kuhifadhia nakala, seva nikaiacha na 1,500 yake. Tena niliviunganisha kwa NFS, njia ya kutumia faili zilizo kwenye mashine nyingine, juu ya UDP, inayotuma bila kupatana kwanza. Ingekuwa TCP, pande mbili zingepatana ukubwa mapema. Nikajaribu kuandika faili, likaenda, nikatoka kwenda kula ming'oko. Kusoma, pale kisanduku kinapoirushia seva pakiti zake kubwa, sikujaribu. Na mtu pekee pale ofisini aliyekuwa anasoma faili za zamani ni mama mhasibu, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Kurekebisha hakukufika hata dakika mbili. Nilifungua faili lilelile mara kumi na moja.

Jumatatu meneja akasimama katikati ya ofisi. "Mnaona? Birika limetoka, seva imetulia." Mama mhasibu alikuwepo, na chupa ya chai ya kutoka nayo Chikongola iko mezani. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Kilichotoka ni, "Na draiva ya kadi nayo ilikuwa na hitilafu, nimeshaidhibiti." Si uongo. Kwenye ripoti niliandika hivyohivyo, na 9010 yake, nikijua hakuna wa kuuliza ilitoka wapi.

Birika sijui kama lilirudi. Siku ninaondoka, mama alinifuata mpaka stendi na mfuko wa nailoni, korosho kilo nzima, amezibangua mwenyewe. "Mpelekee mama yako, mwanangu. Umetuokoa." Nikapokea kwa mikono miwili. Basi lilipofika Nangurukuru zilikuwa zimekwisha.